Visima Tisini na Sita

Kisanduku kililala forodhani Maskati siku nne,
kibandiko chake chekundu kikionya:
nyuzi mbili hadi nane, kisigande, kisipigwe jua.
Nje zilikuwa arubaini na saba.
Afisa alitaka muhuri wa wizara nyingine,
na wizara nyingine ilishafunga kwa sikukuu.

Shibu ndiye aliyekwenda kukitoa.
Alinunua barafu kwa wauza samaki wa Matrahi,
akakifunga mkanda kiti cha mbele kama mgonjwa,
akawasha kipoza hewa hadi vidole vikamfa ganzi,
akapita Fanja, Sumaili, Izki,
bila kusimama hata kwa chai.
Alipoingia nacho maabara, Nizwa, kilinuka jodari.
"Kimefika," akasema.
Hakusema kizima.

Ndani: vichupa sita, kila kimoja kama kidole gumba.
Unga wa kipimo. Kimeng'enya. Tindikali.
Kingamwili za sungura
ambaye hatutajua alifugwa wapi,
na sahani ya plastiki yenye visima tisini na sita,
kila kimoja kinashiba kwa machozi machache.
Sahani moja tu.
Fedha ya nyingine, labda mwakani.

Tunatafuta protini inayoweka akiba ya chuma
katika damu ya wasichana wa Birkat al-Mauz,
darasa la tisa, wanaosinzia somo la kwanza
na mwalimu huwaita wavivu.
Walitakiwa arubaini.
Wa arubaini, Shaikha binti Khalfani,
aliiona sindano akatoka mbio na kiatu kimoja.
Kisima hakiachwi kitupu.
Nikakunja mkono wangu mwenyewe,
Bi Thuwaiba akanichoma,
tukacheka.

Leo natia kwa pipeti, tone kwa tone,
sawa kwa sawa kama mgawo wa falaji:
asizidishiwe mtu, asipunjwe mtu.
Nangoja saa nzima. Namwaga.
Naosha mara tatu, kama anayetawadha.
Natia tena, nangoja tena, naosha tena.
Maji ya visima hivi hayakati kiu.
Yanaulizwa.

Rangi inatiwa gizani, dakika kumi na tano.
Bi Thuwaiba analalamikia bei ya haluwa.
Shibu hasemi kitu, anatazama saa.
Kisha buluu inapanda kutoka chini,
hapa imekolea, pale imesita,
na kwa tone la tindikali
buluu yote inageuka manjano ghafla
kama mtu aliyekumbuka deni.

Kwanza tunatazama visima vya kipimo:
manjano ya bizari, manjano ya limau,
manjano ya karatasi kuukuu, maji.
Nusu, nusu ya nusu, nusu yake tena.
Ngazi imenyooka.
Shibu anashusha pumzi aliyoibana tangu Fanja.
Kisanduku kizima.

Kisha wasichana. Safu baada ya safu,
visima vyeupe, vyeupe,
kimoja cha manjano, tena vyeupe.
Si wavivu, namwambia Bi Thuwaiba.
Andika hivyo. Mwalimu asomewe.

Na pembeni kabisa, viwili vya mwisho,
mapacha wa damu moja, nambari arubaini:
vimekauka rangi kama mate ya aliyefunga.
Vinasema jambo moja, kwa sauti moja.
Mimi, mnywa chai ya rangi kutwa,
ninayepumzika mara mbili nikipanda ghorofa ya pili
na kuusingizia umri.

Nilitamani joto la forodhani liwe na hatia.
Nilitamani barafu ya jodari iwe imeyeyuka Sumaili.
Lakini ngazi imenyooka,
na aliyeleta ukweli nimeshamshukuru.

Nimeandika daftarini: nambari arubaini, irudiwe.
Kisha nikakumbuka sahani ilikuwa moja.
Shibu ameniwekea kikombe cha chai mezani.
Nakitazama kinavyopoa.